Ng'ombe 11: lobola hutolewa na nani, na kwa nini haiishi

Muulize Mzulu wa Durban au Soweto mahari ya kwao, lobola, ni kiasi gani, naye atakujibu bila kufikiri: ng'ombe 11. Kumi wa baba, mmoja wa mama, na huyo wa mama ana jina lake, ingquthu. Atalisema kama jambo lililokuwako tangu enzi za mababu. Kumbe namba hiyo ina mwaka wake na ina mwenyewe. Mwaka ni 1869, na mwenyewe ni Theophilus Shepstone, Mwingereza aliyesimamia mambo ya Waafrika katika koloni la Natal. Ndiye aliyetoa kanuni kwamba binti wa mtu wa kawaida asilipiwe zaidi ya ng'ombe 10, mbali na yule wa mama, mabinti wa machifu walipiwe zaidi, na ng'ombe wote wawe wamekabidhiwa kufikia siku ya harusi, pasiwe na kudaiana baadaye.

Kabla ya hapo hapakuwa na namba. Mwenye mifugo mingi alitoa wengi, maskini alitoa wachache, na waliobaki walikuja taratibu, wengine wakafika baada ya wajukuu kuzaliwa. Shepstone alitaka kupunguza kesi za kudaiana zilizojaa barazani kwake. Matokeo yake kiwango alichokiweka kuwa cha juu kabisa kikageuka kuwa cha kuanzia, na baada ya vizazi viwili kikaitwa mila. Kanuni zile zile zilileta shahidi wa serikali wa kusimama mbele ya watu na kumuuliza bibi arusi kama anaolewa kwa hiari yake. Mpaka leo kwenye harusi ya kimila ya Kizulu yuko mtu anayeitwa iphoyisa, yaani polisi, anayetumwa na chifu kuuliza swali hilo hilo, na wageni wanampigia vigelegele kama sehemu ya mila kongwe.

Naanzia hapa kwa makusudi, maana mijadala ya lobola huharibikia kwenye namba. Watu wanabishana kama 11 ni wengi au wachache, kama msomi alipiwe zaidi, kama fedha ni sawa na mifugo. Mambo hufunguka ukiuliza maswali mengine: nani anatoa, nani anapokea, na deni linafungwa lini. Kwa maoni yangu kilichoharibika zaidi katika karne hii na nusu ni hilo la kwanza. Anayetoa amebadilika, na watu wameendelea kuzungumza kana kwamba ni yule yule.

Anayepokea

Jina lobola ndilo lililoenea, lakini kila watu wana lao: ilobolo kwa Wazulu, roora kwa Washona wa Zimbabwe, bohali Lesotho, bogadi kwa Watswana, lovolo kusini mwa Msumbiji. Msomaji aliyezoea mahari ya Kiislamu ana jambo moja la kuliweka pembeni. Mahari ile ni haki ya bibi arusi mwenyewe. Mume humpa yeye, na baba hana fungu ndani yake. Lobola inakwenda kwa nyumba iliyomzaa bibi arusi, ikipokewa na baba au kaka mkubwa kwa niaba ya ukoo. Inafanana zaidi na malipo ya kando ya harusi za pwani, kilemba cha baba, mkaja wa mama na ubeleko, ambayo wengi siku hizi wanayatia kwenye bahasha moja wakamaliza. Kule kusini hayo ya kando ndiyo kiini.

Lakini baba kupokea hakukuwa na maana ya baba kula. Chukua nyumba ya zamani yenye binti na kijana. Binti anaolewa, ng'ombe wanaingia zizini. Hawauzwi, wanasubiri siku kaka yake atakapotaka kuoa, kisha wanatoka kwenda kwa wakwe wengine, ambako nako yuko kaka anayesubiri. Kundi moja la ng'ombe liliweza kupita nyumba tatu au nne, na kila lilipopita pakafungwa ndoa. Kwa hiyo dada ndiye aliyemwolea kaka yake. Washona wana jina la dada huyo kuhusiana na kaka aliyeoa kwa ng'ombe zake: chipanda. Ndiyo maana shangazi kwa Washona, tete, ana sauti nzito katika nyumba ya kaka yake: anasuluhisha ugomvi wa ndoa, anasimamia posa za mabinti wa kaka, na mke wa kaka humnyenyekea. Nyumba ile imesimama kwa ng'ombe wake. Balobedu wa Limpopo, watu wa Modjadji malkia wa mvua, walilifikisha mbali zaidi: dada alikuwa na haki ya kuomba binti kutoka nyumba iliyojengwa kwa ng'ombe wake aje kuwa mke wa mwanawe.

Na hao ng'ombe walikuwa wanalipia nini? Wamisionari walisema wanamnunua mwanamke. Jibu hilo ni jepesi, na lina tatizo: mwanamke wa Kizulu aliyelipiwa ng'ombe wote hubeba jina la ukoo wa baba yake maisha yake yote. Ndani ya nyumba ya mumewe wanamwita MaKhumalo au MaDlamini, na wanaomwita hivyo ni wakwe zake wenyewe. Mwanamke wa Kishona vilevile habadilishi mutupo, mnyama wa ukoo wake. Kilichohama ni watoto. Ng'ombe walipotoka, watoto wakawa wa ukoo wa baba, wakabeba jina lake na kutambulishwa kwa mizimu yake. Ng'ombe wasipotoka, watoto walibaki kwa wajomba zao hata kama baba yao analala nyumba hiyo hiyo kila siku. Kijana aliyempa msichana mimba hutozwa faini, inhlawulo kwa Wazulu, na faini hiyo inamfanya atambulike kuwa ndiye baba, lakini haimpi mtoto. Hilo linasubiri lobola.

Ndiyo sababu lobola inaweza kulipwa kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa. Zimbabwe si ajabu kusikia mwili wa mke umelala mochwari au sebuleni huku wakwe wamekataa asizikwe mpaka roora ikamilike. Kwa Watswana, ambao kwa desturi yao bogadi huja kwa kuchelewa sana, wapo wanaume waliolazimika kwanza kulipia mama yao mzazi ndipo waruhusiwe kupokea ng'ombe wa binti yao. Mtu wa nje huona ukatili katika msiba, na mara nyingine kweli upo. Nimesikia za wajomba waliotumia jeneza kudai madeni ambayo marehemu mwenyewe asingeyadai. Ila kimantiki wanachodai ni jibu la swali gumu: huyu mwanamke anazikwa kama nani, na watoto wake kesho watakwenda kutambika wapi?

Waxhosa wa Afrika Kusini walikuwa na njia ya kukumbusha deni mapema zaidi, ukuteleka. Mke akienda kwao kusalimia, baba yake alimzuia kurudi mpaka mume alete ng'ombe mwingine. Ilikuwa njia ya kudai, lakini pia ilikuwa kinga: mume aliyempiga mkewe alijikuta anafuata mke kwa wakwe na ng'ombe mkononi. Deni lililobaki wazi lilimpa mwanamke mlango wa kurudia kwao. Shepstone alipoagiza ng'ombe wote waishe siku ya harusi, kule Natal aliufunga mlango wa namna hiyo bila kujua kazi yake.

Sahani ya Washona

Shughuli yenyewe inafananaje? Kwa Washona hufanyika kwenye sahani. Ndiro, aghalabu ya mbao, huwekwa chini katikati ya chumba, na kila malipo hutajwa jina lake, hutiwa humo, huhesabiwa, ndipo linalofuata likatajwa. Muoaji hayumo kwenye mazungumzo. Yuko nje au ndani ya gari mpaka aitwe. Anayeongea ni munyai, mshenga, na kazi yake si ya kutamaniwa. Anakaa sakafuni, anapiga makofi ya heshima kila anapotaka kusema, na akikosea utaratibu anatozwa faini papo hapo. Zamani alikimbizwa kwa fimbo alipofika mara ya kwanza, na wazee bado wanayasimulia hayo kwa vicheko mbele ya mshenga wa leo aliyevaa suti, kumtia tumbo joto.

Ya kwanza ni vhuramuromo, ya kufungua kinywa. Kabla haijatoka hakuna atakayemjibu mshenga hata salamu. Inafuata makandinzwa nani: mmesikia kwa nani kwamba hapa pana binti? Jibu nalo hulipiwa. Kisha binti anaitwa na kuulizwa mbele ya watu kama anawafahamu wageni hawa. Akisema hawajui, wageni wafunge safari. Akisema anawajua, anaambiwa aokote chake sahanini. Hatua hiyo inaitwa kunhonga, na wadogo zake nao huokota. Hapo upande wa muoaji hushika roho, kwa sababu kilichookotwa hakihesabiki katika yanayofuata.

Yanayofuata yana majina ambayo mtu wa Lamu au Unguja angeyaelewa bila mkalimani. Matekenyandebvu ni ya baba aliyevutwa ndevu na binti alipokuwa mchanga. Mbereko ni ya mama aliyembeba mgongoni, na mafukidzadumbu ni ya tumbo lililomfunika. Ni ubeleko na mkaja wa pwani, unadaiwa ng'ambo ya Zambezi. Baada ya hayo ndipo linaingia zito: rusambo, ambayo ni fedha, na danga, ambalo ni ng'ombe. Halafu majasi, mavazi ya wakwe. Suti ya baba, kofia na viatu vyake, nguo na mablanketi ya mama, vyote kwa vipimo vilivyoandikwa. Siku hizi huongezwa orodha ya dukani: mafuta, sukari, unga, mchele, kwa katoni na magunia. Wakati dola ya Zimbabwe ilipoporomoka mwaka 2008, orodha hiyo iliyokuwa kikolombwezo ikawa ya maana kuliko fedha, maana noti ya asubuhi haikununua mkate jioni. Familia nyingi zikahamia kuhesabu kwa dola za Marekani, na zimebaki huko.

Katika danga lote yupo ng'ombe mmoja asiyejadiliwa, mombe yeumai, ng'ombe wa umama. Anatakiwa awe jike, awe hai, na anakuwa mali ya mama mkwe peke yake. Baba mkwe hana amri naye wala na ndama wake. Wengine wote wanaweza kugeuzwa dola. Huyu watu huogopa kumgeuza, kwa kuwa anahusishwa na mizimu ya upande wa mama, na mama aliyedhulumiwa anaaminika kuwa hatari hata akiwa kaburini. Kwa hiyo unaweza kukuta mhasibu wa Harare anayelipa kila kitu kwa simu, akaendesha gari siku nzima kijijini kutafuta mtamba mmoja wa kumkabidhi mama mkwe kwa kamba.

Je, munyai akimaliza sahani, roora imeisha? Hapana, na haitakiwi iishe. Washona wanasema mukuwasha mukuyu, haaperi kudyiwa: mkwe ni mkuyu, haishi kuliwa. Hata mwenye uwezo wa kulipa vyote siku moja hushauriwa na wazee wake abakize kidogo, kwa sababu kumaliza kila kitu ni kama kuwaambia wakwe kwamba hamtaonana tena. Wakwe wakifiwa atakuja na jeneza, wakilima atakuja na plau, na wakiugua atatumwa hospitali. Ukiyaona haya kwa jicho la biashara ni unyonyaji usio na mwisho. Ukiyaona kwa jicho la wenyewe, mkwe asiyedaiwa chochote ni mkwe aliyejitoa.

Sotoka na mshahara

Kilichobadilisha lobola kuliko mahubiri na sheria ni ugonjwa wa ng'ombe. Sotoka ile ile iliyowamaliza ng'ombe wa Wamaasai mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliteremka kusini, ikavuka Zambezi, na mwaka 1896 ikaingia Bulawayo. Ilipofika Rasi ya Tumaini Jema mwaka uliofuata, yalikuwako maeneo ambayo katika ng'ombe 10 hawakubaki wawili. Walioletwa kujaza mazizi nao walikuja na balaa: ng'ombe walionunuliwa pwani ya Afrika Mashariki na kushushwa Beira mwanzoni mwa miaka ya 1900 waliingiza ndigana kali, ikaendeleza kazi ya sotoka kwa miaka mingine kadhaa.

Watu wakaendelea kuoana, bila ng'ombe. Kusini mwa Msumbiji, ambako vita na magonjwa vilikuwa vimepunguza mifugo mapema zaidi, lovolo ilikuwa imeshahesabiwa kwa majembe, kisha kwa paundi za dhahabu za Kiingereza. Paundi hizo zilitoka sehemu moja: machimbo ya almasi ya Kimberley, na baada ya 1886 machimbo ya dhahabu ya Johannesburg. Kijana aliondoka Gaza ya kusini mwa Msumbiji au Lesotho akatumikia mkataba shimoni, akarudi na fedha ya kuolea.

Hapa ndipo mzigo ulipohama bega. Chini ya utaratibu wa zizi, kijana hakutafuta mahari. Ilikuwa kazi ya baba yake na baba zake wadogo, kwa ng'ombe waliokuja na dada zake, na kijana alilipa kwa utii: hakuoa mpaka wakubwa wameridhika. Mshahara ukampa uhuru wa kuoa bila kumsubiri baba, na wakati huo huo ukamwacha peke yake na bili. Wazee waliopoteza zizi hawakupoteza kauli. Lobola ikawa njia yao ya kupata fungu katika mshahara wa mgodini ambao usingewafikia kwa njia nyingine, na kadiri mishahara ilivyopanda ndivyo walivyopandisha. Fedha iliyopokelewa nayo haikukaa kumsubiri kaka wa bibi arusi kama ng'ombe alivyokaa. Ililipa kodi, ada ya shule, mabati. Mzunguko ulikatika: kinachoingia kwa dada hakitoki tena kwa ajili ya kaka, na kaka naye anakwenda kuanza na sifuri.

Leo hii ng'ombe bado wanatajwa, ila wengi wao ni wa mdomoni. Washenga wa Kizulu, abakhongi, hufika alfajiri na kusimama nje ya lango wakiita sifa za ukoo wa wenyeji kwa sauti kuu mpaka wafunguliwe. Wenyeji huwaacha wasimame kidogo kwenye baridi ili heshima ionekane. Wakishaingia na kufungua kinywa kwa noti, jambo la kwanza kukubaliana ni ng'ombe mmoja ni randi ngapi. Bei hiyo mara nyingi huwa chini ya ng'ombe wa mnadani, kwa kuwa kila mtu chumbani anajua kijana ni karani au dereva. Hata hivyo zidisha mara 11, ongeza zawadi za umembeso kwa wakwe, mablanketi na aproni za mashangazi, kisha harusi ya gauni jeupe ambayo imeongezwa juu ya mila badala ya kuchukua nafasi yake. Katika nchi ambayo vijana wengi hawana ajira, matokeo yanaonekana: watu wanaishi pamoja na kuzaa bila ndoa. Mitaani Afrika Kusini wanaita vat-en-sit, chukua ukae. Si kwamba wameikataa lobola. Wengi wao wanaiheshimu kiasi kwamba hawathubutu kuoa bila hiyo, na ndiyo maana hawaoi.

Waliojaribu kuifuta

Orodha ya walioitangazia vita ni ndefu na imechanganyika. Khama wa Tatu, mfalme Mkristo wa Bangwato katika Botswana ya leo, aliipiga marufuku bogadi kwa watu wake katika karne ya 19. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, walipochukua nchi mwaka 1975 waliiweka lovolo kapu moja na ndoa za wake wengi na jando, mabaki ya ukabaila yanayomdhalilisha mwanamke, wakaipigia kampeni mikutanoni. Maputo waliitikia kaulimbiu mchana, na Jumamosi wakakaa kwenye mkeka na ugoro na chupa ya mvinyo kwa ajili ya wazee waliokufa. Mwaka 2004 sheria mpya ya familia ya Msumbiji ikaitambua ndoa ya kimila.

Hoja za wanawake wanaoipinga hazistahili kupuuzwa kwa sababu tu wamisionari walisema maneno yanayofanana nayo. Mume anayesema "nimekulipia" akiwa ameinua mkono hafanyi falsafa ya ukoo. Anafahamu fedha, na fedha inajulikana hununua nini. Katika zizi, aliyetoa ng'ombe alikuwa baba yake, na wakwe walikuwa bado wanamdai, kwa hiyo kauli hiyo ilikuwa na mipaka. Mwanamume aliyelipa mwenyewe kwa mkopo wa benki anaona risiti yake. Naye mke anayetaka kuondoka anajua kwamba baba yake ameshazila zile fedha na hana cha kurudisha.

Zimbabwe waligusa sehemu ya jambo hili mapema. Mwaka 1982, miaka miwili baada ya uhuru, sheria ilimfanya mwanamke wa miaka 18 kuwa mtu mzima kama mwanamume. Mwaka 1984, katika kesi ya Katekwe na Muchabaiwa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba baba hawezi tena kudai fidia kwa binti yake mtu mzima aliyepewa mimba, maana binti huyo anajimiliki. Kuhusu roora, binti mtu mzima anaweza kuolewa bila hiyo. Akitaka baba yake aidai, ni kwa ridhaa yake. Wazee na machifu waliona dunia imepinduka. Lakini roora haikupungua hata kidogo, kwa sababu mabinti wenyewe waliitaka ilipwe.

Mahakamani

Na hapa ndipo mambo yanapogeuka kwa namna ambayo wapinzani wa zamani wasingeitegemea. Afrika Kusini ilipotoka kwenye ubaguzi wa rangi ilitunga Sheria ya Kutambua Ndoa za Kimila, namba 120 ya 1998, iliyoanza kutumika Novemba 2000. Masharti yake ni machache: wote wawili wawe wametimiza miaka 18, wote waridhie kuoana kimila, na ndoa ijadiliwe na kuingiwa au kusherehekewa kwa mujibu wa mila. Lobola imeelezwa maana yake katika sheria hiyo, lakini haimo katika masharti. Kusajili ndoa kunatakiwa, ila kutosajili hakuibatilishi. Na ndoa ikishakuwapo, mali kwa kawaida ni ya wote wawili.

Sasa, bila cheti, mjane anathibitisha vipi kwamba alikuwa mke? Anatafuta karatasi ya lobola: ile iliyoandikwa kwa mkono na washenga, tarehe, kiasi, saini za wajomba. Mwaka 2018 alifariki mwanamuziki Jabulani Tsambo, aliyejulikana kama HHP. Lerato Sengadi akajitokeza kuwa ni mkewe, baba wa marehemu akakataa. Ukweli wa siku yenyewe haukubishaniwa sana. Februari 2016 familia zilikutana, zikakubaliana randi 45,000, sehemu kubwa ikalipwa, barua ikatiwa saini. Mazungumzo yalipokwisha, wanawake wa upande wa muoaji walimchukua Sengadi wakamvisha vazi la kitambaa kimoja na cha bwana arusi, wakamtambulisha kwa waliohudhuria kuwa ni mke. Hoja ya baba ilikuwa kwamba bibi arusi hakuwahi kukabidhiwa rasmi nyumbani kwa muoaji kwa utaratibu unaotakiwa, hivyo lobola peke yake haikufanya ndoa.

Hoja hiyo haikuwa ya kubuni. Zimekuwako hukumu zilizodai makabidhiano. Lakini Aprili 2020 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Kusini ilimpa Sengadi haki. Makabidhiano ni sehemu ya mila, ilisema, ila yanaweza kufupishwa au kuachwa na wenyewe, na waliomvisha na kumpongeza siku ile walikuwa wameshaonyesha wanamchukulia kuwa nani. Tangu hapo mawakili wa nchi hiyo hawachoki kuwaonya wanaume wanaosema "nimelipa lobola tu, hatujaoana bado". Huenda umeoa, na nusu ya nyumba si yako.

Kwa hiyo malipo yaliyolaaniwa kuwa ni bei ya mwanamke yamekuwa silaha yake mbele ya hakimu. Si ushindi mtupu. Asiyelipiwa, yule wa vat-en-sit aliyezaa watoto wanne na kulea mama mkwe, anaingia mahakamani mikono mitupu kuliko aliyelipiwa randi 5,000 za awali na kuishi na mume miezi sita. Zimbabwe kwa miaka mingi roora iliyolipwa bila kusajiliwa ilimpa mwanamke haki za urithi na matunzo, ikamnyima za mgawanyo wa mali wakiachana.

Majirani wamekata kamba kila mmoja kwa kisu chake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inasema ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haikulipwa. Kenya mwaka 2014 iliona inatosha kutoa kiasi cha ishara pale mila inapotaka mahari. Uganda, Agosti 2015, Mahakama ya Juu iliona kumdai mke amrudishie mume mahari wakiachana ni kinyume cha katiba, ila ikakataa kuifuta mahari yenyewe. Na asidhani mtu kwamba kusini yote hulipa: Wachewa wa Malawi, Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji na wengine wanaohesabu ukoo kwa mama hawana ng'ombe wa kudaiana, kwa sababu watoto ni wa upande wa mama vyovyote iwavyo, na kwa desturi mume ndiye anayehamia kwa wakwe. Wangoni walipofika huko kutoka kusini na lobola yao walionekana watu wa ajabu.

Turudi kwa anayetoa. Sheria ya Afrika Kusini inasema lobola ni mali ambayo mume mtarajiwa au mkuu wa ukoo wake anaahidi kumpa mkuu wa ukoo wa mke. Anayejua nyumba za Johannesburg atakuambia mambo yalivyo: kijana na mchumba wake, wote waajiriwa, wanafungua akaunti moja, wanaweka akiba miaka miwili mitatu, na mara nyingi mwenye mshahara mkubwa ni yeye bibi arusi. Siku ikifika fedha inatolewa benki, inafungwa kwenye bahasha, abakhongi wanaisimamisha langoni kwa sifa za ukoo, na baba anahesabu noti ambazo nusu yake zimetoka kwa binti yake mwenyewe. Wajomba wa pande zote mbili wanafahamu. Kwenye barua inaandikwa kwamba imetolewa na ukoo wa muoaji.